Siku Nyanya Alipokunja Ngumi

Kifungua mimba wetu alirudi jana kutoka ofisi ya chifu, alikokwenda kuomba kitambulisho, akiwa na vidole kumi vyeusi, akanikuta jikoni, akauliza kama mafuta ya taa yanaweza kuuondoa wino ule na kwa nini serikali haitosheki na kidole kimoja. Nilimpa sabuni ya kipande na jibu la kumnyamazisha. Kisha nikabaki na swali lake hadi usiku, kwa maana katika ukoo wetu aliwahi kuwako mtu aliyeukwepa wino wa vidole kwa miaka zaidi ya 60, naye hakuwa mwoga wa kitu kingine chochote nikijuacho.

Ilikuwa mwaka 1996. Babu alikuwa ameshazikwa, baba zangu wadogo walikuwa wameanza kulipima shamba la Waithaka kwa macho, na wakili wa mirathi alikuwa amesema hawezi kuendelea bila kitambulisho cha mjane. Nyanya hakuwa nacho. Sheria ilikuwa imewataka wanawake wajiandikishe tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini yeye hakukosa udhuru: mara ng'ombe anakaribia kuzaa, mara mguu unauma, mara foleni ni ndefu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikisubiri matokeo na sina kazi, kwa hiyo nikatwikwa jukumu la kumpeleka.

Foleni ilikuwa ndefu kweli. Tulipofika mbele, karani, kijana mpole aliyekuwa amechoka, alimwita shosho, akamwomba mkono ili ampake wino. Nyanya akampa. Karani akakishika kidole gumba, akakivuta kuelekea kile kibao kilichopakwa wino, na hapo ndipo mkono ulipochomoka na kukunjwa ngumi kifuani, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Sitii," akasema kwa Kigikuyu. Karani akadhani anaumwa na baridi yabisi, akajaribu tena taratibu. Nyanya akarudi nyuma hatua moja, akamkanyaga mtu aliyesimama nyuma yake, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni: "Baba yangu hakutia kirore, na mimi sitii."

Vijana tuliokuwa pale hatukuelewa. Aliyeelewa ni yule aliyekanyagwa, mzee mwenye koti na tai, ambaye alivua kofia na kuanza kucheka polepole.

"Baba yangu alitia," akasema.

Nyanya akageuka, akamtazama kuanzia viatu. "Mlipata nini?"

"Tulipata shule, mama. Nikawa mwalimu. Na kila tulipoteremka mtoni tuliimbiwa Muthirigu."

"Mimi nilikuwa miongoni mwa waimbaji," nyanya akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akatabasamu.

Karani alituomba tukae pembeni ili wengine wahudumiwe, na kwenye benchi lile wazee wawili waligawana kisa ambacho nyumbani hakikuwahi kutajwa. Mwezi Oktoba 1929, Daktari John Arthur, aliyeiongoza misheni ya Kanisa la Scotland pale Thogoto, aliwataka washirika na walimu watie sahihi au alama ya dole kwenye ahadi iliyokuja kuitwa kirore, yenye mambo mawili: kuachana na tohara ya wasichana, na kujitoa katika Kikuyu Central Association, chama kilichokuwa kikidai ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Waliokataa walipoteza nafasi zao kanisani, na watoto wao shuleni. Baba yake nyanya alikataa. Alikuwa na shamba dogo lililopakana na la mzungu, na katika vijiji vile wengi waliamini kwamba karatasi ile ingegeuzwa baadaye kuwa hati ya kuuza ardhi. Ilikuwa hofu isiyo na msingi, lakini ni mtu gani wa Kiambu wa wakati ule ambaye ungeweza kumlaumu kwa kuogopa karatasi?

Nyanya, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuzitambua herufi, alirudishwa nyumbani. Serikali ikaupiga marufuku wimbo wa Muthirigu mwanzoni mwa 1930, uliokuwa ukiwakejeli wamisionari na machifu, nao ukaendelea kuimbwa pasipo na masikio ya askari. Shule za Karing'a, zisizokuwa chini ya misheni, zikaanzishwa upande wetu wa Dagoretti, na baada ya Askofu Mkuu Daniel William Alexander kuja kutoka Afrika Kusini mwaka 1935 watu wa shule hizo wakaelekea Uorthodoksi, na ndiyo maana nusu ya ukoo wetu hufukiza ubani Riruta hadi leo huku nusu nyingine ikiona ubani ni ushirikina. Serikali ilizifunga shule hizo mwaka 1952, ilipotangazwa hali ya hatari. Nyanya hakusoma katika hata moja kati yake.

Nikiri kwamba nimewahi kumtetea Daktari Arthur mezani, tena mbele ya Waorthodoksi. Alikuwa tabibu, na jambo alilolipinga lilikuwa na madhara ya kweli. Kenya yenyewe ililiharamisha kwa sheria mwaka 2011, na mimi na dada zangu tunamshukuru mama kwa kutotupitisha huko. Lakini siwezi kumsamehe kwa kulifunga jambo la miili ya wasichana pamoja na jambo la ardhi katika karatasi moja, ili mzazi asiweze kukubali hili bila kulisaliti lile. Msichana aliyegombaniwa na pande zote mbili alipata hasara ya pande zote mbili: alikatwa, na hakusoma. Na kwa kuwa hakusoma, hakuwa na sahihi ya kutia popote maishani mwake isipokuwa dole lile lile.

Nadhani hata yeye aliliona hilo pale kwenye benchi, kwa sababu ghafla aliniuliza: "Hiyo fomu inasema nini?" Nikamwambia ni jina na mahali pa kuzaliwa. Akataka isomwe yote, mstari kwa mstari, hadi yale maandishi madogo ya chini, na mzee mwenye tai akathibitisha kila sentensi kama shahidi wa mahakamani, huku karani akitutazama kwa macho ya kusihi. Aliniuliza mara mbili kama shamba limetajwa. Halijatajwa, nikasema. Ndipo akasimama, akaenda mezani, na kumwambia karani asimshike mkono, kwa kuwa atajitilia mwenyewe. Alama za kwanza zilitoka vibaya, ikabidi zirudiwe.

Shangazi yangu, ambaye ni wa upande usiofukiza ubani, haipendi kabisa simulizi hii. Anasema babu yake alitia dole Thogoto vizuri tu, kisha akalikana baadaye majirani walipozidi kumwimbia. Nilimuuliza kwa nini basi nyanya alifukuzwa shule, akanijibu kwamba hakufukuzwa na mtu: aliondolewa ili amlee mdogo wake, kama wasichana wengi wa wakati ule. Sikukubali, lakini nimeshindwa kumkanusha, kwa sababu huyo mdogo wake, aliyebebwa mgongoni, ndiye aliyepelekwa Karing'a na kusoma.