Siku niliyompeleka mjomba Eureka

Mjomba amefanya useremala Keko, Dar es Salaam, tangu ujana wake. Alipokuja kunitembelea Oakland, California, mwaka 2018, maghorofa na madaraja hayakumshughulisha. Alitaka mbao. Basi tukaishika barabara ya 101 kuelekea kaskazini hadi Eureka, mji mdogo wa bandari huko huko California, kuiona nyumba ya mbao ya William Carson, tajiri wa magogo wa zamani.

Tulifika ukungu haujainuka. Ni nyumba ya kijani, kubwa, na hakuna pembe yake iliyoachwa tupu: mnara, vibaraza, vijipaa juu ya vijipaa, nguzo zenye viuno na shingo. Ndani hatukuingia, kwani tangu 1950 ni mali ya klabu ya watu binafsi. Mjomba hakujali. Alisimama nje akaanza kuikagua kwa sauti.

"Hizi nguzo zimekerezwa. Lile ua limekatwa kwa msumeno mwembamba, halafu likapachikwa. Sasa ile pale juu, mjomba, ona, ile ni patasi. Aliyeichonga hakuwa na haraka."

Nikamweleza niliyoyasoma. Carson alitoka New Brunswick, Kanada, wakati wa mbio za dhahabu, watu walipomiminika California kuitafuta, lakini utajiri akaupata kwenye magogo. Miti ya redwood ya pwani ile ndiyo mirefu kuliko yote duniani. Mbao zake ni nyepesi, zimenyooka, haziozeshwi upesi na unyevu. Mshirika wake, John Dolbeer, ndiye aliyebuni winchi ya mvuke ya kukokota magogo. Ramani ya nyumba ilichorwa na ndugu wawili wa San Francisco, Samuel na Joseph Newsom, na ujenzi ukaenda kuanzia 1884 hadi 1886. Ng'ambo ya barabara ipo nyingine ya rangi ya waridi, ya 1889, zawadi ya harusi ya Carson kwa mtoto wake wa kiume. Mjomba aliitazama mara moja tu, akarudi kwenye ile patasi yake.

Mama mmoja mkazi wa mji, alipoona tunavyotazama, akasimama kuzungumza nasi. Ndiye aliyetuambia kuhusu Februari 1885. Diwani mmoja aliuawa kwa risasi iliyompata barabarani, Wachina wawili walipokuwa wakipigana. Kesho yake Wachina wa mji mzima, kama 300 hivi, walipakiwa kwenye meli mbili wakapelekwa San Francisco. Wafua nguo, wapishi, wakulima wa mboga. Kwa miongo mingi baada ya hapo hawakuruhusiwa kurudi.

Mimi naishi ugenini, na habari ile iliniingia mwilini. Nikamfasiria mjomba. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mwaka gani umesema?" Nikarudia. "Basi nyumba hii ilikuwa bado inajengwa. Mafundi walikuwepo. Waliona."

Akataka kujua mtaa wa wale Wachina ulikuwa wapi. Yule mama akatuelekeza Barabara ya Nne, tukaenda kwa miguu. Tulikuta majengo ya kawaida na magari yameegeshwa. Mjomba akaniomba nipige picha hapo pia. Jioni nilipokuwa nazituma kwa vijana wa karakana yake, alikaa kando yangu kuhakikisha ile ya Barabara ya Nne nayo imekwenda, na kwamba chini yake nimeandika kilichotokea.