Kalenda ya Ingress ilikuwa inatuita wiki moja kabla, nimeirekebisha hivi

Jamani wale mnaopanga First Saturday ya Ingress (ule mchezo wa simu wa kutembea mtaani kuteka portali, yaani vituo vya mchezo kwenye maeneo halisi), hii ilinisumbua sana. Iventi ni kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, timu zote mbili za mchezo, Enlightened na Resistance, mnakutana, mi nikaweka kwenye kalenda ya grupu ijirudie kila wiki 4, nikaona basi imeisha hiyo.

Kumbe wiki 4 ni siku 28 tu na mwezi ukiwa na Jumamosi 5 inakula kwako. Tarehe 1/11/2025 ilikuwa Jumamosi, ukiongeza siku 28 unapata 29/11, wakati Jumamosi ya kwanza ya Desemba ni tarehe 6. Watu wamefika, simu zimejaa chaji, portali zipo palepale ila iventi hakuna. Iliniuma kwa kweli, mtu kaacha mambo yake kaja.

Nilichofanya: nikafuta ule mfululizo wote (usihariri moja moja, utachanganyikiwa), nikatengeneza mpya, kwenye kujirudia nikachagua kila mwezi, Jumamosi ya kwanza, sio kila mwezi tarehe fulani. Kama kalenda yako inataka uandike kanuni mwenyewe ni FREQ=MONTHLY;BYDAY=1SA.

Halafu cheki na majira ya saa, yangu ilikuwa kwenye UTC (saa ya kimataifa), nikaweka ya sehemu tunapokutania. Na kwenye tangazo andika 14:00, au saa 8 mchana, ukiandika saa 8 tupu kuna mtu atakuja asubuhi.

Nimesogeza mbele miezi 12 nikahesabu Jumamosi moja moja, zote zimekaa.