Jakuzi la Ilboru: naanza na kifuniko

Muuzaji wa jakuzi, lile beseni kubwa la maji ya moto la kukaa watu, atakuhesabia jeti, yaani matundu yanayosukuma maji kwa nguvu. Hili lina jeti 35, lile lina 50, taa zinabadilika rangi, spika zimo ndani kwa ndani. Tangu tuanze kutafuta jakuzi la kuweka nyuma ya nyumba yetu ya wageni hapa Ilboru, Arusha, nimesoma vipeperushi vingi sana, na sijaona hata kimoja kinachoanza na kifuniko. Mimi sasa naanzia hapo. Chapa yoyote ikiletwa mezani, kwanza nataka kujua kifuniko kina unene gani na kinafungaje.

Ndugu zetu wa Dar wakisikia habari ya maji ya moto Arusha wanashangaa. Waje Julai. Ukungu wa Meru unashuka alfajiri, jua linaweza lisionekane mpaka saa sita, na usiku kipimajoto kinafika nyuzi 12 au 13. Wageni wetu wengi wanatoka mlimani Kilimanjaro. Wameshuka kwa njia ya Mweka na magoti yanatetemeka, hawajaoga tangu waingie getini. Mgeni wa namna hiyo haulizi chakula. Anauliza kama maji ya moto yapo.

Na yupo Mama. Magoti yake yana baridi yabisi, na msimu huu kila jioni namwekea beseni la maji ya moto yenye chumvi, anaingiza miguu, anakunja kanga juu ya magoti na kuanza kunisimulia habari za siku. Kabla hajafika katikati ya habari maji yameshapoa. Naongeza kutoka kwenye chupa ya chai, yanapoa tena. Beseni linafika kwenye vifundo vya miguu tu, na maumivu yenyewe yako juu, pale anaposhika kwa viganja viwili akitaka kusimama. Wageni watalipia jakuzi, sawa, lakini nikilifikiria ninamwona yeye.

Ndiyo maana habari ya Jacuzzi imenigusa nilipoisoma. Ni familia ya ndugu kutoka Italia waliohamia California, wakaanza na mapangaboi ya ndege. Mwaka 1921 ndege yao ilianguka na mmoja wao akafa, wakaachana na ndege na kuingia kwenye pampu za maji za mashambani. Baadaye mmoja wa ndugu hao, Candido, alipata mtoto ambaye akiwa bado mdogo sana aliugua baridi yabisi. Hospitali walikuwa wakimtibu kwa maji yanayozungushwa, na baba akataka mtoto apate tiba ileile nyumbani. Utaalamu wa pampu walikuwa nao tayari. Mwaka 1956 wakatoa pampu ndogo ya kutumbukiza kwenye bafu la kawaida. Bafu lenye jeti zilizojengewa ukutani lilikuja mwaka 1968, kazi ya Roy Jacuzzi, wa kizazi cha tatu cha familia hiyo. Kwa hiyo kabla ya taa na spika palikuwa na baba na mtoto anayeumia. Mume wangu anaipenda chapa hiyo kwa sababu jina lake linajulikana na wageni watalitambua. Mimi naiheshimu kwa sababu ya huyo mtoto. Lakini heshima ni kitu kimoja, na kulipia umeme wa mwaka mzima ni kitu kingine.

Shemeji yangu anaishi Edmonton, Kanada, ambako baridi inaweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Wana jakuzi nje, wanaingia theluji ikianguka. Yeye anaitetea Arctic Spas, chapa ya huko huko Alberta, na anaitetea kwa nguvu za mtu anayeitumia kila wiki. Tumebishana naye kwa simu mara nyingi, na mabishano hayo yamenifundisha kuliko vipeperushi vyote. Anachoogopa yeye ni umeme kukatika usiku wa baridi kali: maji yakiganda ndani ya mabomba, mabomba yanapasuka. Huku kwetu hakuna maji yatakayoganda. Umeme kukatika ndiyo, tunaujua vizuri, lakini hofu yetu ni maji kupoa na mgeni amelipa. Jakuzi lililotengenezwa kwa baridi ya Kanada linatufaa, ila sababu zetu si zake.

Tofauti kubwa kati ya chapa hizi iko mahali ambapo mnunuzi haoni, kati ya beseni na ukuta wa nje. Hot Spring ya California hujaza nafasi yote povu gumu la kuzuia joto, mabomba yakazama humo. Joto linakaa, na mabomba hayatikisiki pampu ikiwaka. Arctic wanalipuliza povu kwenye ukuta wa nje kwa upande wa ndani na kuacha nafasi katikati. Pampu inapofanya kazi inatoa joto lake, joto hilo linabaki kwenye nafasi hiyo na kusaidia maji. Kila upande una watetezi wake. Nilimwita fundi wetu wa Sakina, yule anayetushughulikia pampu ya kisima, nikamwonyesha picha za aina zote mbili. Aliziangalia kimya kwa muda, akaweka kidole kwenye ile iliyojaa povu.

"Dada, hili likianza kuvuja, mimi bomba nitalionaje? Itabidi nichimbe kwa kisu. Na nikishachimba, hilo povu nitalirudisha vipi?"

Maneno hayo ndiyo yaliyonifikisha kwenye uamuzi. Huko California anayeitwa ni mtu wa chapa yenyewe, anakuja na gari lenye kila spea. Huku anakuja fundi wangu na begi lake, na ninataka akifungua ukuta aone kila kitu kwa tochi. Kwa sababu hiyohiyo niliipenda pia Bullfrog ya Utah, ambayo jeti zake zimepangwa kwenye paneli za kuchomoa, kwa hiyo mabomba ya ndani ni machache. Upande mwingine wa kuacha nafasi wazi ni panya. Panya wa Ilboru wakigundua sehemu yenye joto wataihamia na ukoo mzima, na hapo nyaya haziponi. Tutazungushia wavu wa chuma wa matundu madogo chini kabla ya kuliwasha.

Yale ya kujaza upepo ya Bestway na Intex nimeyafikiria pia, sikuyadharau. Maelekezo yake mengi yanakataza kuyatumia hewa ikishuka chini ya nyuzi 4, na sisi huku hatufiki, kwa hiyo kwa familia inayotaka kujaribu msimu mmoja yanatosha. Kwa nyumba ya wageni hapana. Ukuta ni mwembamba, na jua letu la Januari linamaliza plastiki.

Sasa kifuniko. Kuna hoteli moja upande wa Moshi ambayo walituruhusu kuona jakuzi lao. Lilikuwa zuri, pampu inanguruma vizuri, jeti zote zinafanya kazi. Kifuniko kilihitaji vijana wawili kukinyanyua. Nikauliza mbona kizito hivyo, kijana mmoja akafungua zipu ya pembeni, maji yakamwagika viatuni mwake. Povu la ndani lilikuwa limeshakunywa maji mpaka likabadilika rangi. Ile karatasi ya nailoni inayolifunika povu ilikuwa imechanika, mvuke ukaingia pole pole, na povu lenye maji halizuii joto tena. Katikati, pale kifuniko kinapokunjwa, palikuwa na ufa ambao mvuke ulitoka bila kukoma, nikaweka mkono juu yake nikausikia unaniunguza kidogo. Mhudumu akasema bili ya umeme inawashangaza. Mimi sikushangaa.

Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu. Jakuzi la watu wanne linachukua kama lita 1,000. Maji ya bomba Julai tuseme yana nyuzi 18, nayataka yafike 38. Hiyo ni uniti 23 na ushee. Kwa LUKU yetu, uniti moja ikiwa shilingi 350 na kidogo pamoja na kodi, kulipasha mara moja ni kama shilingi elfu nane. Hiyo haitishi, maana maji unabadilisha baada ya miezi mitatu hivi. Kinachotafuna pesa ni kurudisha kila siku joto lililokimbia. Hita ya kilowati 3 ikiwaka saa nane kwa siku ni uniti 24, yaani sawa na kulipasha upya kila siku, na shilingi elfu nane mara siku thelathini ni mshahara wa mtu. Na joto linakimbilia juu. Lita moja tu ya maji ikiondoka kama mvuke inaondoka na theluthi mbili za uniti. Jakuzi lililojengwa vizuri ni chupa ya chai kubwa, na chupa ya chai bila kizibo haifai kitu hata ndani iwe ya namna gani.

Kwa hiyo masharti yangu ni haya: kifuniko kiwe kinene katikati, inchi tano hivi, kishuke kuelekea pembeni ili mvua itiririke, pale kinapokunjwa pawe na povu la kuziba ufa, na muuzaji akubali kunitumia kifuniko cha pili ndani ya kontena lilelile. Hilo la mwisho muuzaji mmoja aliliona la ajabu. Kifuniko kikiharibika huku, kukileta kimoja peke yake kutoka Marekani kutanigharimu hela ambayo sitaki hata kuihesabu.

Jambo la umeme lilibaki kidogo tu nilipite. Majakuzi yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yanataka umeme wa hezi 60, na wetu ni volti 230 kwa hezi 50. Pampu ya hezi 60 ukiichomeka huku inazunguka polepole, pungufu ya sehemu moja ya sita, na mota inachemka. Kampuni kubwa zina matoleo ya Ulaya ya hezi 50. Anayeagiza la bei nafuu kutoka kwa mtu binafsi Marekani aulize hilo kabla hajatuma pesa. Na aweke stabilaiza, kwa sababu bodi ya jakuzi haivumilii umeme unaopanda na kushuka.

Halafu kuna maji yetu. Kila mwenyeji anajua habari ya floridi, tunaiona kwenye meno ya watoto wetu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi yanayotoka kwenye miamba ya Meru yanapita hapo mbali. Kwa kuoga si floridi inayonisumbua. Maji hayohayo yana magadi, na magadi yanapandisha pH, kile kipimo cha asidi na alkali kwenye maji. Jakuzi linataka pH kati ya 7.2 na 7.8. Ikipanda juu ya hapo klorini inapoteza nguvu, na maji ya nyuzi 38 yasiyo na klorini ya kutosha ni makazi ya vijidudu, vingine vya kuwasha ngozi, vingine vya kuingia mapafuni. Jeti nazo zinazidisha, kwa sababu kuchanganya maji na hewa kunaitoa kaboni dayoksaidi na pH inapanda tena. Hakuna kipeperushi kitakachokueleza hivi, maana kiliandikwa kwa ajili ya maji ya mahali pengine. Mpango wetu ni kujaza nusu kwa nusu na maji ya mvua ya masika kutoka kwenye bati, ambayo hayana magadi, tangi la lita 5,000 tayari lipo. Na pH itapimwa kila asubuhi kabla ya mgeni yeyote, mimi mwenyewe au binti anayenisaidia, hata kama nyumba imejaa.

Mume wangu na mimi tumekubaliana. Tunaagiza la Kanada, la watu wanne, toleo la hezi 50, lenye milango ya kufunguka pande zote. Pamoja na kifuniko cha pili tunaomba pampu moja ya akiba na hita moja. Bei inaumiza, inapita dola 10,000 kabla ya meli na kabla ya VAT ya asilimia 18, na tumepunguza idadi ya viti ili tuweze kulipia spea. Nafikiri ndivyo inavyopasa kwa mtu anayeishi mbali na kiwanda. Viti vya ziada vitakaa vitupu siku nyingi za mwaka, pampu ya akiba itahitajika siku moja tu, na siku hiyo wageni watakuwa wameshafika.

Daktari wa Mama ameruhusu, kwa dakika kumi na tano na maji yasizidi nyuzi 38. Kwa wageni mwisho ni 40, ndipo mashine yenyewe inapoishia, na wenye shinikizo la damu na wajawazito tutawaambia mapema wamuulize daktari wao. Anayetoka mlimani atakunywa maji ya kutosha kwanza.

Sehemu ya kuliweka tumeshaipima, ukutani upande wa migomba ambako upepo haufiki. Maji tani moja, jakuzi lenyewe kilo mia tatu hivi, watu wanne juu yake: zege litabeba zaidi ya tani moja na nusu, kwa hiyo litawekwa nondo. Mama ameomba kitu kimoja, ngazi yenye bomba la kushikilia pande zote mbili, na vipandio visizidi urefu wa kiganja. Fundi wa kuchomelea anakuja Jumatatu kumpima hatua yake.