Siku moja maishani mwangu: mboga kwa cheti cha daktari

Saa 1:15 asubuhi

Nawahi kufika, si kwa sababu ya bidii, ila printa yetu haiamki bila kubembelezwa. Mimi ni mratibu wa mpango wa mboga na matunda kwa cheti. Daktari humwandikia mgonjwa mboga kama anavyomwandikia vidonge. Mgonjwa huja dirishani kwangu, nampa vocha za mwezi, anaenda kununua, na muuzaji anatuletea vocha alizopokea ili tumlipe. Ukiambiwa hivyo unaona kazi rahisi. Mimi nimeshaona watu wakikwama katika kila hatua ya hizo.

Mezani kuna bahasha ya vocha za mwezi uliopita. Nazihesabu mara mbili. Nyingi zimerudi, ila naandika kando orodha ya majina ambayo hata vocha moja haikurudi. Orodha hiyo ndiyo itakayoniendesha leo.

Saa 2:30

Wagonjwa wa kisukari na presha wanaanza kuingia. Kabla ya cheti kuna maswali mawili, yaliyochapishwa Marekani mwaka 2010 na sasa yanatumika kliniki nyingi. La kwanza: katika miezi 12 iliyopita, mliwahi kuwa na wasiwasi kwamba chakula kitaisha kabla hamjapata pesa ya kununua kingine? La pili: chakula mlichonunua kiliwahi kuisha mkakosa pesa ya kuongeza? Majibu ni mara nyingi, mara nyingine, au haijatokea. Ukijibu "mara nyingi" au "mara nyingine" hata kwa swali moja tu, unaingia kwenye mpango.

Shida haiko kwenye maswali, iko kwa anayeuliza. Ukiyasoma kama askari wa kituoni, kila mtu atakwambia nyumbani wanakula vizuri. Baba mmoja leo alijibu la kwanza hata sijamaliza: "Hapana, sisi tunakula." Nikanyamaza kidogo, nikauliza la pili taratibu, kalamu nimeiweka chini. Akatazama viatu vyake. "Mara nyingine. Lakini watoto wanakula."

Hilo "lakini" nimelisikia mara nyingi mno. Ndiyo maana nilipigania vocha zihesabiwe kwa idadi ya watu nyumbani, si kwa mgonjwa peke yake. Kidonge humezwa na mmoja, mboga huingia chunguni. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu kila siku. Ukimpa mzazi gramu 400 zake peke yake na ana watoto wanne, mgonjwa wako ndiye atakayebaki na mchuzi.

Saa 4:10

Muuguzi ananiita kwa ile sauti yake ya "njoo haraka lakini usikimbie". Mzee aliyejiunga mwezi uliopita anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kipimo chake cha damu kimeshuka chini ya kiwango kinachotakiwa. Dawa hajaacha. Alichofanya ni kututii: amekula mboga za majani kila siku, mchana na usiku, wakati zamani alizila kwa nadra. Majani ya kijani yana vitamini K nyingi, na vitamini K hupunguza nguvu ya dawa ile.

Mzee mwenyewe amefadhaika. "Kwa hiyo mboga zenu ni sumu?" Afisa lishe anakaa naye na kumweleza kwamba haina haja ya kuziacha. Ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, nasi tutapanga dozi kufuata sahani yake. Kinachoharibu ni kupanda na kushuka.

Nimeingiwa na aibu. Fomu yetu inauliza anwani, simu na ukubwa wa familia, haiulizi dawa. Na si warfarini pekee. Mwenye figo zilizochoka anaweza kuambiwa apunguze potasiamu, ambayo imejaa kwenye ndizi, viazi na nyanya. Anayejidunga insulini akipunguza wanga ghafla, sukari inaweza kushuka akaanguka. Tukiita mboga dawa, basi tuziandike kwa uangalifu wa dawa. Naongeza mstari mmoja kwenye fomu kwa kalamu, nitauchapa printa ikikubali.

Saa 6:00 mchana

Chakula cha mchana nakula huku napiga simu kwa wale wa orodha yangu. Mmoja kahama. Wa pili anatoka kazini wauzaji wakiwa wameshafunga. Wa tatu ana jiko lenye sehemu moja tu ya kuweka sufuria, na watu saba wa kupikia.

Wa nne ni bibi mmoja ambaye hakupokea simu. Alikuja mwenyewe, kwa miadi ya presha, na nilipomuuliza kuhusu vocha alifungua mkoba, akatoa kitambaa, ndani ya kitambaa bahasha, ndani ya bahasha vocha zote za miezi miwili. Hazina hata mkunjo.

"Bibi, mbona hukuzitumia?"

"Nazitunza, mjukuu wangu. Sasa hivi nina kunde kidogo. Hizi ni za siku mbaya."

Nilizigeuza nikamwonyesha maandishi ya nyuma, madogo kama mayai ya chawa: mwisho wa kutumika, siku 30. Za mwezi wa kwanza zilikuwa zimekufa zamani. Za pili zilikufa juzi. Bibi hakulalamika. Alizichukua, akazirudisha kwenye bahasha, bahasha kwenye kitambaa, kana kwamba huenda zikafufuka.

Mtu aliyezoea kukosa haoni kesho kama sisi tuliopanga mpango huu. Tuliweka siku 30 ili hesabu za mfadhili zifungike vizuri mwisho wa mwezi, na pesa isiyotumika hurudi kwake. Kwa hiyo za zamani siwezi kumfufulia. Naweza kumpa za mwezi huu tu, na tarehe nimeiandika mbele kwa herufi kubwa, kwa mkono wangu.

Saa 8:00

Ripoti. Mfadhili anataka kujua kama sukari za watu zimeshuka. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kwa sababu chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, kwa hiyo walioanza mwezi uliopita sina la kusema juu yao.

Kuhusu namba za wengine, nimejifunza kusoma taratibu. Huko Marekani, ambako mipango hii iliingizwa kwenye sheria ya kilimo ya mwaka 2018, utafiti wa mwaka 2023 uliofuatilia washiriki 3,881 ulikuta wanakula mboga na matunda zaidi, wasiwasi wa chakula umepungua, na sukari na presha za wenye maradhi hayo zimeshuka. Lakini haukuwa na kundi la kulinganisha. Mwishoni mwa mwaka huo huo ukatoka mwingine uliogawa wagonjwa wa kisukari kwa bahati nasibu. Waliopewa chakula walishuka pointi 1.5 za HbA1c. Wasiopewa nao walishuka, pointi 1.3. Mtu huandikishwa wakati sukari iko juu kabisa, na kutoka pale mara nyingi hushuka kidogo hata usipomgusa.

Mkubwa wangu angependa nitaje ule wa kwanza tu. Nimetaja tafiti zote mbili. Yule baba wa asubuhi asipolala na njaa, mimi hilo peke yake linanitosha kuitetea pesa hii, hata kama HbA1c yake haitasogea.

Saa 10:20 jioni

Njiani kurudi napitia duka moja linalopokea vocha zetu. Sikujitambulisha, nilipanga foleni na karoti zangu. Mbele yangu dada mmoja katoa vocha. Keshia kaiinua juu, kaigeuza, kapaza sauti kumwita msimamizi: "Hizi za hospitali tunazipokeaje?" Foleni nzima ikageuka. Msimamizi hakuja. Dada akaacha kabichi na machungwa juu ya meza, akatoka.

Nilimkimbilia nje, sikumpata. Nikarudi kwa keshia, ambaye wala si mtu mbaya. Hakuna aliyemfundisha, na aliyepaswa kumfundisha ni mimi. Nilikuja hapa siku ya kutia saini nikaongea na msimamizi. Keshia wa zamu ya jioni sikuwahi kumwona. Nimekaa naye dakika 10 nikamwonyesha vocha inapochanwa na namba inapoandikwa. Kesho naandika tena ombi la kadi, inayopita kwenye mashine kama kadi ya mtu yeyote, kimya kimya. Ombi la tatu hilo.

Saa 1:40 usiku

Viatu nimevua, simu inaita. Ni bibi, kwa simu ya jirani. Nyuma yake nasikia kelele za watu wakinunua na kuuza.

"Mjukuu wangu, vitunguu vimo?"

"Vimo, bibi."

"Na hivi vyekundu?"

"Hata vyekundu."

Akakata bila kuaga.