Pampu ya kuwaka na kupumzika: nilivyochagua ya tangi langu

Nafuga Tropheus, samaki wa Ziwa Tanganyika wanaoishi kwenye miamba ya kina kifupi, wakikwangua mwani huku maji yakiwayumbisha huku na huku. Tangi langu ni la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, yaani lita 300, ukiacha nafasi inayoliwa na mawe na mchanga. Nilitaka mkondo wa vipindi: maji yasukume, yatulie, yasukume tena. Mkondo wa upande mmoja kutwa kucha hulundika uchafu nyuma ya jiwe lilelile.

Dukani swali la kwanza huwa lita kwa saa. Mimi nilianza na hesabu nyingine: pampu itawaka mara ngapi? Sekunde 10 kazi, sekunde 10 mapumziko, ni mara 3 kwa dakika, 4,320 kwa siku, zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwaka. Hapo pampu nyingi za bei rahisi zikawa zimeshajiondoa zenyewe.

Pampu ndogo za kuchomeka moja kwa moja ukutani huwa na rota, yaani kiini kinachozunguka, ya sumaku inayofuata umeme wetu wa hezi 50, na nyingi huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Kuanza taratibu haziwezi. Zikiwashwa hurukia kasi yote, tena huweza kuanza kinyume, ndiyo maana baadhi zina kizuizi cha kuzirudisha upande sahihi. Ule mlio wa "tak" unaousikia ndio huo. Kwa pampu ya kuwasha na kuiacha, si kitu. Kwa hesabu yangu, ni kuipiga nyundo usiku na mchana.

Saa za soketi, zile za kuwasha na kuzima umeme kwa ratiba, nazo hazikunifaa. Zile za kuzungusha zenye meno 96 haziendi chini ya dakika 15. Za rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) zinaweza sekunde, lakini rilei ya kawaida hukadiriwa kuwaka kama mara 100,000 kwa mzigo wake kamili. Mzigo wa pampu ni mdogo, kwa hiyo ingedumu zaidi, ila sikuona haja ya kujiongezea kifaa cha kuharibika.

Nikaamua pampu ya DC (umeme kama wa betri) ya volti 24 yenye kidhibiti chake. Kidhibiti hupandisha kasi pole pole na kuishusha, na si lazima rota isimame kabisa: ikishuka sana tu, maji yanatulia. Nilitaka ya propela, inayosukuma maji mengi kwa upana bila kuchimba mchanga. Na kwa kuwa imo ndani ya tangi na hainyanyui maji, namba ya kwenye boksi haipotei sana. Ya kupandisha maji hupoteza nguvu kwa kila kimo na kila kona ya bomba.

Jaribio lililoamua lilifanyika kwenye ndoo, palepale dukani. "Kaka, zima soketi, halafu washa." Ya kwanza iliporudi ilibaki imesimama, inasubiri kubonyezwa. Umeme ukikatika niko kazini, hiyo ni pambo. Ya pili ilirudia mpangilio wake yenyewe, nikaichukua, baada ya kuuliza kama rota yake inauzwa peke yake.

Kichujio sikukigusa. Bakteria wake wanahitaji maji yenye oksijeni muda wote, kwa hiyo pampu yake haizimwi kwa vipindi.

Jambo jingine: msitafute yale mawimbi ya tangi zima yanayopendeza kwenye video. Tangi la urefu huu lina mdundo wake, sekunde moja na kidogo. Pampu ikiupata, maji yote huyumba na silikoni ya kwenye pembe ndiyo inayobeba mzigo. Vipindi vyangu nimeviweka mbali kabisa na hapo, na kasi ya juu naiachia pale mchanga unapoanza kuhama, kisha nairudisha nyuma kidogo.

Maji magumu ya samaki hawa huacha chokaa kwenye ekseli. Rota naitoa, nailoweka kwenye siki iliyochanganywa na maji, naisugua kwa mswaki mkuukuu, naisuuza vizuri na kuirudisha.