Safari ya kumfuata kakakuona

Ni usiku mkubwa sa hivi na laptopu imejaa kurasa nilizofungua, ramani, ratiba za treni, masharti ya viza, utabiri wa hali ya hewa, na kuna moja sijaifunga tangu juzi, picha ya kakakuona mchanga amejikunja kwenye kiganja cha mtu. Kila nikichoka na mambo ya makaratasi naenda kuiangalia hiyo picha alafu narudi kuendelea.

Neno kakakuona nimelijua tangu niko mdogo. Nimelisoma, nimelitamka, nimeshalitumia hata kwenye vitendawili, ila mnyama mwenyewe sijawahi kumuona kwa macho yangu hata siku moja, na watu wote ninaowajua nimewauliza, hakuna aliyewahi kumuona. Hiki kitu kimenikaa moyoni muda mrefu, manake inakuwaje jina lipo kinywani, linatamkika vizuri kabisa, na mwenye jina hayupo? Magamba yake ni kitu kilekile cha kucha zetu, hayana tofauti, lakini kwa sababu ya hayo magamba na nyama anawindwa na kusafirishwa kimagendo kwa wingi wa kutisha. Duniani kuna aina nane, nne Asia na nne Afrika, na mwaka 2016 nchi zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zote nane za porini. Bado wanaisha.

Sasa mwaka 2023 ndo nikasoma habari kwamba tarehe 2 Februari kwenye bustani ya wanyama ya Prague, Ucheki, amezaliwa kakakuona, wa kwanza kuzaliwa kwenye zuu yoyote ya Ulaya. Ni kakakuona wa China, aina iliyo hatarini kabisa kutoweka. Wazazi wake walitoka zuu ya Taipei, Taiwan, mwaka uliotangulia, na hao wa Taipei ndo wanaosifika kwa kuwajua hawa wanyama, manake kuwafuga ni kazi ngumu mno, chakula chao ni sisimizi na mchwa, hawana hata jino moja, na wakipata wasiwasi kidogo tu wanagoma kula. Yule mtoto alizaliwa na gramu 135. Gramu 135 jamani, shika simu yako mkononi, simu ni nzito kuliko yeye. Mama yake hakuwa na maziwa ya kutosha akaanza kupungua, watunzaji wakauliza wenzao wa Taipei, wakaambiwa wampe maziwa ya paka, wakafanya hivyo huku wanamsaidia mama naye maziwa yarudi. Akapona. Wakampa jina Šiška, kwa Kicheki ni lile koni la msonobari, na ukimwangalia kwa kweli wamepatia.

Hiyo habari niliisoma ikanibidi niinuke nikatembee kidogo. Nikajiambia ntaenda. Si lazima nimuone huyohuyo, ila ntaenda kumuona kakakuona akiwa anapumua, akitembea ule mwendo wake wa polepole, kichwa chini, kama mzee anayewaza jambo.

Basi mipango ndo imekuwa hiyo. Mwanzo nilikuwa nimepanga mwezi wa tano, nimeshaomba likizo, nimeshaanza kuangalia tiketi, alafu siku moja nikachukua pasipoti nikaikagua vizuri nikakuta inaisha miezi miwili tu baada ya tarehe ya kurudi. Ucheki iko kwenye eneo la Schengen, yani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na masharti yao yako wazi, pasipoti iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku unayoondoka huko, iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, na iwe na kurasa mbili tupu. Nilikaa chini nikaumia sana siku ile, manake nilishahesabu siku. Ikabidi nianze upya, pasipoti mpya kwanza, na safari ikasogea mpaka Septemba. Kwa hiyo kama na wewe una ndoto ya namna hii, kabla hujagusa tiketi, kabla hujaangalia hoteli, fungua pasipoti usome tarehe. Na viza usiisubirie dakika za mwisho, maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho siku kumi na tano kabla, mimi ningesema siku kumi na tano usizithubutu kabisa. Bima ya safari nayo wanataka iwe ya kulipia matibabu hadi angalau euro 30,000. Hayo makaratasi mengine ni kukusanya tu, yanachosha ila hayana maajabu.

Septemba imeniletea kitu kizuri lakini. Nilipokuwa nasoma historia ya ile zuu nikakuta ilifunguliwa tarehe 28 Septemba 1931. Nikasema basi niwe pale siku yenyewe, alafu nikagundua tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa kwao, watu wako nyumbani na watoto, itajaa. Kakakuona ni mnyama wa usiku na sitaki kumtazama katikati ya makelele, kwa hiyo nimepanga nifike siku za kazi kabla ya hapo, na ile tarehe 28 nitapita jioni nikiwa nimeshashiba kuangalia. Nimetenga siku mbili nzima kwa hiyo zuu peke yake. Ni hekta 58 hivi na imejengwa kwenye mteremko juu ya mto Vltava, sehemu ya chini na sehemu ya juu, kuna mpaka viti vya kuning'inia kwenye waya vinavyokupandisha. Kufika ni rahisi, unapanda metro mstari C mpaka Nádraží Holešovice, alafu basi namba 112 linakushusha mlangoni. Pesa yao ni koruna, sio euro, hilo watu wengi wanachanganya.

Kuna jambo jingine lililonishika kuhusu hii zuu na sikulitegemea kabisa. Masokwe. Desemba 2004 alizaliwa pale sokwe gorila wa kwanza kuzaliwa Ucheki na wakamwita Moja. Moja, yani hii moja yetu. Mama yake anaitwa Kijivu. Wakafuata Tatu, Kiburi, Nuru, Ajabu. Nilisoma orodha ya hayo majina polepole, nikayasoma tena kwa sauti peke yangu chumbani. Hawa ni gorila wa nyanda za chini za magharibi, kwao ni misitu ya Kameruni, Gabon na Kongo, sehemu ambazo kwa sehemu kubwa hata Kiswahili hakizungumzwi, na wako katikati ya Ulaya, na watoto wa Kicheki wanasimama kwenye kioo wanawaita kwa majina haya. Sijui niliite hilo jambo nini, ila lilinigusa. Kakakuona nina jina lake na sijamuona, na huku kuna watu wamewaona wanyama kila siku wakawatafutia majina kwenye lugha yangu. Tatu alikufa mwaka 2012, akiwa bado mdogo, kamba ya kuchezea ilimnasa shingoni. Na hilo nalo niliposoma nililisoma mara mbili.

Dada yangu mkubwa ndo mtu wa kwanza niliyemwambia kuhusu safari. Alinyamaza kidogo kwenye simu alafu akasema, "Mdogo wangu, hela yote hiyo ukaangalie wanyama waliofungiwa?" Hakuwa ananisema vibaya, dada hana tabia hiyo, aliuliza kweli. Nikamwambia dada nipe siku mbili nikujibu vizuri, na hizo siku mbili zimekuwa wiki tatu.

Manake swali lake ni la haki. Mnyama aliyezaliwa awe msituni akiwa nyuma ya kioo, kuna kitu kimekosewa, siwezi kujidanganya hapo. Na zuu yenyewe inaweza kugeuka mtego, Agosti 2002 mto Vltava ulifurika, maji yakaingia sehemu yote ya chini ya zuu, wanyama zaidi ya 100 wakafa. Kulikuwa na simba wa bahari anaitwa Gaston, mafuriko yakamtoa kwenye bwawa lake akaogelea na mto, akaingia mto Elbe, akavuka mpaka wa nchi akafika Ujerumani, karibu na Wittenberg ndo wakamkamata, na akafa wakati wanamrudisha nyumbani. Wamemjengea sanamu pale. Ntasimama hapo kidogo.

Ila nataka dada ajue na upande wa pili. Kuna farasi wa Przewalski, wa Mongolia wanamwita takhi, farasi mfupi mnene, manyoya ya shingo yamesimama kama brashi. Mara ya mwisho kuonekana porini ilikuwa 1969 kwenye jangwa la Gobi, baada ya hapo kimya. Duniani wakabaki wale wa kwenye zuu tu, na wote walioko leo wametokana na farasi dazeni moja hivi wa porini waliokuwa wamekamatwa zamani. Prague ndo wanaotunza kitabu cha ukoo wa farasi hawa wa dunia nzima tangu 1959, nani kazaa nani, nani asipandishwe na nani ili damu isije ikakaribiana. Kuanzia 2011 mpaka 2019 wakawa wanawapakia kwenye ndege za jeshi la Ucheki wanawarudisha Mongolia, na mwaka 2024 wakapeleka saba Kazakhstan, kwenye nyika ambayo haikuwa imeona farasi wa porini miaka mingi sana. Mimi nawaza yule mtu aliyekaa ofisini mwaka 1959 anaandika majina ya farasi kwenye daftari, hajui kama kuna siku watatoka. Miaka zaidi ya hamsini ya kuandika tu majina.

Siku ya tatu ndo naitoa kwa Dvůr Králové. Huu ni mji mdogo wenye zuu yake, kaskazini mashariki mwa Prague, zaidi ya kilomita 100, na kama wewe ni mtu wa wanyama hili jina unalijua kwa sababu ya Sudan, yule kifaru mweupe wa kaskazini dume wa mwisho. Alikamatwa mwaka 1975 huko Sudan akiwa na miaka kama miwili, akapelekwa Dvůr Králové, na hapo ndo mahali pekee duniani ambapo vifaru weupe wa kaskazini waliwahi kuzaa wakiwa wamefugwa. Najin alizaliwa pale 1989, binti yake Fatu naye akazaliwa palepale mwaka 2000. Desemba 2009 wakapakiwa wanne, Sudan, Suni, Najin na Fatu, wakapelekwa hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, watu wakitumaini kwamba wakikanyaga udongo wa kwao na kunusa majani ya kwao watazaa. Hawakuzaa. Suni akafa 2014, Nabire aliyekuwa amebaki Ucheki akafa 2015, Sudan akafa Machi 2018. Wamebaki Najin na Fatu, mama na mwana, basi. Sasa hivi wanasayansi wanachukua mayai ya Fatu na mbegu zilizogandishwa za madume waliokufa wanatengeneza viinitete, wapandikize kwa vifaru weupe wa kusini.

Kwa hiyo kule Dvůr Králové sitamkuta kifaru mweupe wa kaskazini hata mmoja. Mtu anaweza kuniuliza sasa unaenda kufanya nini. Nataka kuona pale walipozaliwa. Nataka kuona uwanja ambao Najin alikimbia kwenye theluji akiwa mtoto, kwa sababu ndani ya hao wawili waliobaki kuna kumbukumbu ya theluji na hakuna kifaru mwingine wa aina yao atakayekuwa nayo. Na pia nataka kuwaona vifaru weusi wao, manake hao habari yao ni tofauti, wanazaa vizuri, na baadhi wameshapelekwa Mkomazi Tanzania na wengine Akagera Rwanda mwaka 2019, mmojawapo anaitwa Jasiri. Nimechagua Septemba pia kwa ajili ya hawa, kabla baridi haijaanza kuwarudisha wanyama wa Afrika ndani ya nyumba zao.

Ratiba iliyobaki naipitisha haraka. Darubini ndogo, ndiyo. Kamera kubwa hapana, nimeamua, ningeishia kumtazama kakakuona kupitia kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Daftari. Salamanda mkubwa wa China nao wako Prague, wana jengo lao, yupo mmoja anaitwa Karlo ana urefu wa zaidi ya mita moja na nusu, huyo nimempangia asubuhi ya siku ya pili pamoja na wale mamba wa mdomo mwembamba wa India. Siku ya kwanza lakini nikiingia getini sitasimama popote, naenda moja kwa moja kwa kakakuona, hao wengine wanisubiri.

Leo jioni ndo nimemwandikia dada lile jibu. Nilianza kuandika mengi, farasi, kitabu cha ukoo, vifaru, nikafuta yote. Nikamtumia ile picha ya mtoto kwenye kiganja, chini yake nikaandika, dada huyu ndo kakakuona.

Alikaa muda mrefu hajajibu. Nikajua kalala. Sasa hivi naandika haya simu imelia, kaniandikia, "Kumbe ndo hivi alivyo? Anakula nini sasa na huo mdomo mdogo hivyo?"

Sisimizi dada, na mchwa, nimemjibu, na ulimi wake ni mrefu ajabu. Bado naona anaandika.