Siku Moja Nikiwasaka Vijana wa Sajili, Kilifi

Saa 11:30 alfajiri

Kabla ya chai natazama simu. Jana usiku niliwaandikia vijana kadhaa. Wengine wamesoma, alama za buluu zinaonekana, lakini jibu hakuna. Mmoja kanitumia kidole gumba tu, na sijui kama ni ndiyo au ni usiku mwema.

Kwa wasioijua kazi hii: mwaka 2000, KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na washirika wao wa Wellcome, wafadhili wa utafiti wa afya kutoka Uingereza, walianza kuandikisha kila kaya katika eneo la kilomita za mraba 891 hapa Kilifi, lenye watu zaidi ya robo milioni. Orodha hiyo ndiyo tunayoiita sajili. Tangu hapo tunarudi nyumba kwa nyumba kuuliza yale yale: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, nani kahamia, nani ana mimba. Mtoto aliyeandikwa miaka ile ya mwanzo akiwa bado hajatolewa nje, leo ana ndevu. Wenzangu wengi wanafuatilia mimba na wachanga. Mimi siku hizi nimepangiwa hao wenye ndevu.

Saa 1:15 asubuhi

Ofisini. Orodha inashuka kwenye tableti na shida ya kwanza ni majina. Mmijikenda humpa mtoto jina la babu, kisha hufuata la baba. Karisa Katana anamzaa Katana Karisa, naye atamzaa Karisa Katana, na wote watatu wanaweza kuwa boma moja. Kwa hiyo hatumtafuti mtu kwa jina peke yake. Tunatazama namba yake, mama yake ni nani, na kaya aliyozaliwa.

Wasichana wana mtihani wao. Uliyemwandika Kadzo akiwa mchanga ameolewa kijiji kingine, amejifungua kifungua mimba, sasa ni Mekazungu, yaani mama wa Kazungu. Ukifika kwa mumewe ukauliza Kadzo, wanakutazama kama umepotea njia.

Saa 2:30

Boda boda mpaka Junju, ng'ambo ya daraja. Napita kwa mzee wa kijiji kumsalimia, maana ukimruka leo kesho utaulizwa unachunguza nini. Mahamri mawili na mbaazi kibandani, kisha kazi.

Saa 3:20

"Karibu daktari!" Mimi si daktari na kila mara nasema hivyo, lakini mtu aliyeshika tableti na kuvaa beji hapa kwetu ni daktari tu. Mama ananitandikia mkeka, anaketi, na kabla sijafungua fomu ameshaanza kujibu.

Kijana mwenyewe, nimwite Katana, si jina lake, yuko nyumbani kwa bahati. Mjengo aliokuwa akifanya kazi kule Vipingo umesimama. Ameegemea mlango, anachora chini kwa kidole cha mguu.

"Mama, leo ni zamu yake. Ametimiza miaka 18, ni lazima akubali mwenyewe na atie sahihi mwenyewe."

"Huyu?" Mama anacheka. "Si mimi niliyemzaa? Ya huyu yote nayajua."

Na kweli, miaka yote ndiye aliyemjibia. Alisema ni lini alianza kutembea, alilazwa lini, amefika darasa la ngapi. Ninaomba ruhusa, tunahamia kwenye mnazi nyuma ya jiko, mbali kidogo na masikio.

Tunaanza na tarehe. Kitambulisho chake kinasema 2002. Sajili inasema Desemba 2004, na mama kutoka jikoni anapaza sauti kwamba ni mwezi ule ule wa tsunami. Mimi naiamini sajili, kwa sababu mstari ule uliandikwa mtoto akiwa bado mchanga, wakati hakuna aliyekuwa na haja ya kumwongezea umri. Katana anatabasamu. Sababu ya kitambulisho kuwa kikubwa kuliko mwenyewe kila mtu anayetafuta kibarua anaijua.

Kisha shule. Kwenye rekodi, mama alisema aliacha kidato cha pili kwa kukosa karo.

"Karo ilikuwa imelipwa," anasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa navua usiku na wale wa Takaungu. Darasani nalala tu. Nikaona bora nivue."

Jibu la mama halifutwi. Linabaki na tarehe yake, na la mwana linaingia na tarehe ya leo. Ndiyo maana nasumbuka kuwafikia wenyewe. Kijana akihama, tunabaki na kauli ya mama, na kauli ya mama imepambwa kwa upendo. Isitoshe, wanaohama si kama wanaobaki. Ukiwahesabu waliobaki peke yao, utaandika kwamba vijana wa Junju ni wakulima, na utakuwa umeandika uongo wenye takwimu safi.

Mwishoni ananiuliza swali ambalo vijana wote huuliza: "Hii itanipatia kazi?"

Nina jibu ninalowapa akina mama. Chanjo ya nimokoko, bakteria wanaoleta nimonia, ilipoanza kutolewa Kenya mwaka 2011, wodi ya Hospitali ya Kilifi ilijua ni watoto wangapi wamelazwa, lakini ni sajili iliyojua wametoka miongoni mwa watoto wangapi. Bila hesabu zote mbili usingejua kama ugonjwa umepungua, na ulipungua sana. Mdogo wake wa mwisho amechanjwa. Katana ananisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu anauliza tena kuhusu kazi. Sina la kumjibu, na simlaumu.

Saa 6:40 mchana

Chini ya mwembe na mwenzangu, wali wa nazi kwenye kibebeo. Anapenda kunisimulia habari za Dunedin, New Zealand. Watoto 1,037 waliozaliwa mwaka mmoja, kuanzia Aprili 1972, bado wanafuatiliwa. Aliye ng'ambo hukatiwa tiketi ya ndege arudi kupimwa, na walipofika miaka 45, asilimia 94 ya waliokuwa hai walishiriki. Soweto nao walianza 1990 na mpango wa kufika miaka 10, wakafika, wakaendelea.

"Wao ndege," anasema, "sisi boda." Tena ya kubishania shilingi hamsini.

Saa 8:10

Boma ambalo kijana "ametoka sasa hivi". Viatu viko mlangoni, redio inalia ndani. Dada yake anasema kwa upole nirudi siku nyingine. Huku hatukatai mgeni usoni. Tunamzungusha mpaka achoke. Wakubwa ofisini hupenda niandike "hayupo, rudia". Mimi naona mtu aliyezungushwa mara kwa mara amekwisha kuambiwa hapana, na kuendelea kumbishia hodi ni kumnyima haki yake ya kukataa. Naandika kwenye maelezo kile nilichokiona, msimamizi ataamua.

Saa 10:30 jioni

Ofisini tena, tableti inapakia data, na maswali ya wahakiki yanarudi. Karisa Katana wawili, mwaka mmoja wa kuzaliwa, mama tofauti: ni mtu mmoja au wawili? Wawili. Msichana mmoja ameandikwa amehama kaya ya babake na wakati huo huo amehamia kaya nyingine: ameolewa, si mtu mpya. Kuunganisha mistari hiyo miwili kunachukua dakika chache, lakini isipounganishwa, anapotea mtu mzima na anazaliwa mwingine asiye na utoto.

Saa 1:45 usiku

Simu. Yule wa kidole gumba. Yuko Mtwapa, anaosha magari, na anasema atazungumza nami Jumapili baada ya saa nane, kwa sharti kwamba nisimwambie mamake alivyoacha kazi ya hotelini. Namwambia sina ruhusa ya kumwambia mtu yeyote, hata nikitaka.

"Hata mama?"

"Hata mama."

"Basi njoo. Ila usije na ile beji, bosi wangu atadhani ni watu wa kaunti."

Sasa namwandikia msimamizi kuomba nauli ya Jumapili. Atauliza kwa nini tusimhoji kwa simu.